Sheria za Ujenzi Zifike Mpaka Kisiwani
Maneno ya mazungumzo juu ya vibali vya kujenga na ukaguzi wa nyumba

Kisiwa cha Wasini kiko ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari, mkabala wa Shimoni, katika Kaunti ya Kwale. Hakina mto wala magari. Kila mfuko wa saruji, kila nondo na kila bati hufika huko kwa chombo, kisha huchukuliwa mabegani mpaka penye kiwanja. Maji ya mvua wenyeji wameyakinga tangu zamani katika majabia, yaani mabirika yaliyojengwa kwa kazi hiyo. Mahali kama hapo ndipo panapofaa kupima kama sheria za ujenzi zinatumika sawasawa, au zimeandikwa kwa ajili ya watu wa miji mikubwa tu.

SABABU YA KUWAPO SHERIA

Wako watu wanaodhani kuwa sheria ya ujenzi ni njia ya kumtoza mtu ada kwa kujenga katika kiwanja chake mwenyewe. Dhana hiyo si ya haki, ingawa yafaa ijulikane imetoka wapi. Mwaka 1666 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa London. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria kwamba nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe, na pamoja na sheria hiyo wakawekwa watu wa kupita na kukagua. Waliotunga sheria ile walifahamu kuwa amri isiyo na mkaguzi ni maneno matupu.

Kenya nayo imejifunza jambo hilo kwa machozi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua nyingi, jumba la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Jumba hilo lilikuwa limekwisha kuhesabiwa kuwa halifai kukaliwa na watu. Sheria ilikuwapo, na onyo lilikuwapo. Kilichokosekana ni utekelezaji.

SHERIA ZENYEWE

Kwa miaka mingi Kenya ilitumia kanuni za ujenzi za mwaka 1968, zilizofuata sana desturi za Uingereza. Kanuni hizo zilikuwa za kukubaliwa: baraza la mji au la wilaya lilizitumia baada ya kuzipokea kuwa zake. Zilikuwapo kanuni za majengo ya kawaida, na kanuni za daraja la pili kwa nyumba za gharama ndogo. Mwaka 1995 kanuni za daraja la pili zilitengenezwa upya, ili vifaa vya kienyeji vipate nafasi zaidi.

Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti kazi ya mipango ya ardhi na makazi, na serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yasema kwamba mtu asijenge bila kibali cha kaunti. Kisha mwaka 2024 zikatangazwa Kanuni mpya za Taifa za Ujenzi, zikaanza kutumika mwezi Machi 2025, na zile za 1968 zikakoma.

Kwa hiyo upungufu wa leo si wa maandishi. Upungufu uko katika njia iliyopo kati ya maandishi na msingi wa nyumba.

MFANO WA MTU WA MKWIRO

Na achukuliwe mfano wa mvuvi wa kijiji cha Mkwiro, upande wa mashariki wa kisiwa, ambaye ameweka akiba kwa miaka kadhaa apate kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Akitaka kufuata sheria, yampasa awe na ramani iliyotiwa sahihi na mtaalamu aliyeandikishwa. Yampasa avuke bahari mpaka Shimoni, apande gari, na kwenda mpaka ofisi za kaunti. Akiambiwa karatasi moja imepungua, hurudi nyumbani na kuanza safari nyingine. Nauli na siku za kazi zilizopotea hukaribia thamani ya mabati yake. Haishangazi basi kwamba jirani yake huamua kujenga kimya kimya, akitumaini kuwa hakuna atakayevuka kuja kumwuliza.

Hasara haiishii hapo. Kisiwani maji matamu ni adimu, na fundi mwenye haraka hushawishika kukoroga zege kwa maji ya bahari, au kutumia mchanga wa ufukoni usiooshwa. Chumvi hula chuma. Nondo ikishika kutu hufura, nayo huipasua zege kutoka ndani. Nyumba huonekana nzuri mwaka wa kwanza na wa pili. Nyufa huja baadaye, wakati fundi amekwisha kulipwa na kwenda zake. Mkaguzi aliyefika siku ya kumwaga zege angaliweza kuuliza swali moja tu, maji haya yametoka wapi, na nyumba ingaliokoka.

Wazee wa Wavumba walijenga kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu, chokaa na boriti, na magofu yaliyomo kisiwani yashuhudia uhodari wao. Kuta zao hazikuwa na chuma cha kuliwa na chumvi. Hata hivyo jengo la mawe na chokaa nalo lataka kuangaliwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa kazi ya kulitengeneza, na watu wawili wakafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na pengine ukuta haungojei kujengwa.

MAMBO YA KUREKEBISHWA

Jambo la kwanza ni kuleta ofisi karibu. Kaunti zina wasimamizi katika kaunti ndogo na katika wadi. Wakaguzi wakiwa na siku maalumu inayojulikana, kwa mfano mara moja kila mwezi Shimoni na Wasini, watu wataweza kupanga kazi ya msingi na ya zege kulingana na siku hiyo. Jiji la Nairobi lilianza kupokea ramani kwa njia ya kompyuta mwaka 2011. Njia hiyo ni njema, kwani yapunguza safari. Lakini kompyuta huvusha karatasi tu; haivushi jicho la mkaguzi.

Jambo la pili ni ramani za mfano. Kaunti ikiwa na ramani chache zilizokwisha kupitishwa, za nyumba ndogo ya mawe na chokaa, na ya matofali ya saruji, mwenye mali kidogo hatalazimika kulipia ramani mpya.

Jambo la tatu ni kujibu kwa wakati. Sheria ya mwaka 2019 yasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Kifungu hiki humlinda raia asizungushwe. Lakini kina hatari yake: ofisi ikilala, nyumba hupata ruhusa bila kutazamwa na mtu yeyote. Ofisi yenye kazi nyingi yapaswa kuongezewa watu, isiachwe ikatoa vibali kwa kunyamaza.

Jambo la nne ni ada. Orodha ya ada na ibandikwe mahali pa wazi, na kila senti iwe na stakabadhi. Mahali ambapo bei haijulikani, ndipo rushwa hupata kiti.

WAJIBU WA MWENYE NYUMBA

Raia naye ana sehemu yake. Apelekapo ombi, na ahifadhi nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa, kwa maana siku 60 huhesabiwa kutoka hapo. Akikataliwa, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na anaweza kukata rufani kwa siku 14 mbele ya kamati ya kaunti inayoshughulikia mashauri ya mipango. Asifukie msingi kabla haujakaguliwa, wala asihamie nyumba mpya kabla ya kupata hati ya kuikalia. Na akimwona fundi anateka maji baharini kwa ajili ya zege, asimwonee haya kumsimamisha.

Nyumba ni akiba ya maisha ya mtu, na usiku watoto wake hulala chini ya dari hiyo. Sheria nzuri iliyobaki mjini haiwalindi watoto wa Mkwiro. Siku mkaguzi atakaposhuka chomboni Wasini akasimama ukingoni mwa msingi ulio wazi, akapima, akauliza, akaandika, ndipo wenyeji watakapoona kuwa sheria hiyo ni yao pia.