Kura Yako na Chama Chako



Wengine husema mfanyakazi asijitie katika siasa. Mtazameni Eugene Debs wa Marekani, mtu wa reli. Mwaka 1894 aliongoza mgomo mkubwa, kwa kuwa kampuni ya Pullman ilipunguza mishahara, lakini kodi ya nyumba zake haikupunguza. Serikali ilileta askari, mgomo ukavunjwa, naye akafungwa miezi sita. Hapo alifahamu kwamba mwenye sheria mkononi ndiye avunjaye mgomo.

Aligombea urais mara 5, nje ya vyama viwili vikubwa. Mwaka 1920 aligombea akiwa kifungoni kwa sababu ya hotuba ya kupinga vita. Alipata kura zaidi ya 900,000, wala hakushinda.

Je, kura zile zilipotea? Nasema hapana. Zilimwonyesha tajiri idadi yetu. Lakini siku ya kura ni moja, siku za kazi ni nyingi. Basi ajaye kwenu na sukari wakati wa uchaguzi, mwulizeni: siku ya mgomo utasimama upande gani? Asipojibu, mnyimeni kura. Na ada ya chama lipeni kila mwezi.