Upelelezi Haujakamilika

(Maandishi ya mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya swala ya Magharibi, Tanga)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, kila aliyewahi kumsindikiza jamaa yake mahakamani anayajua maneno haya: upelelezi haujakamilika. Mtuhumiwa anapandishwa kizimbani, wakili wa Serikali anasimama na kuyatamka, hakimu anapanga tarehe nyingine, karandinga linarudi gerezani Maweni. Mama aliyetoka Pangani au Mkinga alfajiri na mapema, ili amwone mwanawe kwa dakika chache, naye anarudi kwao kungoja tarehe hiyo.

Katika madrasa yetu yupo mtoto ambaye baba yake ni mahabusu. Tulimuuliza ni muda gani baba hayupo nyumbani. Hakujibu kwa miezi wala miaka. Alisema baba amekosa Ramadhani tatu. Kama mzee huyo ametenda anayotuhumiwa au hakuyatenda, sisi hatujui. Wala mahakama haijui, kwa kuwa kesi haijaanza kusikilizwa. Hilo ndilo tulilokusudia kulizungumza jioni hii, kwani zama hizi sheria za jinai za nchi yetu zinatazamwa upya, na Waislamu tumezoea kulalamika baada ya muswada kupita.

Kwanza tuitazame dini yetu, tusije tukadhani kwamba Sharia inakataza mtuhumiwa kuwekwa kizuizini. Haikatazi. Imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, kutoka kwa Bahz bin Hakim, naye kutoka kwa baba yake na babu yake, kwamba Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kwa ajili ya tuhuma, kisha akamwachia. Wanachuoni wakajiuliza swali ambalo Watanzania nasi tunajiuliza: azuiwe mpaka lini? Imam Mawardi, katika kitabu chake cha Al-Ahkam as-Sultaniyya, ametaja khitilafu hiyo. Yupo katika Mashafii, naye ni Az-Zubayri, aliyeweka kikomo cha mwezi mmoja, usipite. Wengine wakasema hakuna muda maalumu, jambo linarudi kwenye ijtihadi ya kiongozi. Tazameni, ndugu zetu, umbali wa khitilafu yenyewe. Mwenye kikomo alitaja mwezi, na aliyeacha wazi alimwachia mtu anayetazama na kupima. Hakuna aliyesema mtu awekwe kisha asahauliwe.

Abu Yusuf, kadhi mkuu wa zama za Harun ar-Rashid, alimwandikia khalifa huyo katika Kitabul Kharaj kuhusu hali ya magereza. Alimtaka wafungwa walishwe na kuvishwa kutokana na mali ya dola, wasitolewe na minyororo yao kuombaomba njiani. Akamweleza pia sababu ya magereza kujaa: kesi za waliomo hazitazamwi. Hii ni karne ya pili Hijriya. Na Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wazee wetu wa pwani hii wamekisomesha vizazi kwa vizazi, anasema kadhi akishika kazi aanze kuwatazama waliomo gerezani. Kazi nyingine zinafuata baada ya hiyo.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Huo ndio msingi wa mafakihi kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na hatia. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ina kifungu kinachoyaorodhesha makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji wa fedha na mengineyo. Mshtakiwa wa makosa hayo haulizwi kama ana wadhamini au ana makazi. Jina la kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka linatosha kumpeleka rumande. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na kifungu kikabaki.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha marekebisho mema, na aliyefanya jema hunasibishiwa jema lake. Sheria Na. 1 ya mwaka huo ilizuia hati ya mashtaka kupelekwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Tulifurahi, kisha tukasoma kifungu kidogo kinachofuata, kinachoyatoa katika kanuni hiyo makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Basi aliyetuhumiwa wizi mdogo, ambaye huenda angepata dhamana tangu zamani, amekingwa. Aliyetuhumiwa ugaidi, asiye na dhamana, hakukingwa. Mahakama ya chini anakopelekwa haina mamlaka ya kuisikiliza kesi yake. Hutajwa tu, na kutajwa tena. Mlango uliofungwa ni ule uliokuwa ukipitisha upepo kidogo, na uliobaki wazi ndio unaoingiza mvua.

Haya si ya kudhania. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walifunguliwa mashtaka ya ugaidi jijini Dar es Salaam mwaka 2014, chini ya ile Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 ambayo Waislamu wengi tuliipinga tangu ilipopelekwa Bungeni. Waliachiwa Juni 2021, baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuiondoa kesi. Hawakuhukumiwa, wala hawakusafishwa kwa hukumu. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, mamia ya watu walishtakiwa kwa uhaini katika miji mbalimbali, na wengi wao wakaachiwa Novemba hiyo hiyo. Hatuingii katika siasa za vyama. Tunachosema ni kwamba, kosa likiwa kubwa, ndivyo inavyopasa haraka na uangalifu vizidi, na hapa mambo yamekwenda kinyume.

Kuna jambo jingine linalofungamana na hili. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Yaweza kuwa na maslahi yake. Lakini mtu aliyekaa miaka rumande, mkewe amehama, mashua yake imeuzwa, akiambiwa kiri urudi kwenu, kukiri kwake kuna thamani gani? Abu Yusuf amepokea kutoka kwa Umar (r.a.) maana ya kwamba mtu haaminiki hata juu ya nafsi yake mwenyewe anapotiwa njaa, khofu au pingu. Kwa maoni yetu, anayeitengeneza sheria ya kukiri kabla ya kuitengeneza ya kungoja ameanza na paa.

Tume ya kuangalia haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizinduliwa Januari 2023 na kukabidhi taarifa yake Julai mwaka huo. Imependekeza mengi, miongoni mwayo Jeshi la Polisi ligeuzwe kuwa chombo cha huduma, na kuwe na chombo cha taifa cha upelelezi kinachojitegemea. Pendekezo la tume si sheria. Linalohitaji sheria litapita Bungeni, na kamati za Bunge hualika maoni ya wananchi. Sisi tunasema maoni yetu yawe mafupi: ule mlango wa makosa makubwa uwekewe kikomo cha muda, na suala la dhamana arudishiwe jaji alipime yeye.

Lakini tusiwanyooshee wengine kidole huku mikono yetu haijatawadha. Nani anayepiga kelele za mwizi sokoni, kijana akapigwa mpaka akafa kabla haijajulikana alichoiba? Ni sisi. Na katika migogoro ya misikiti, mmezisikia lugha zetu: huyu ni siasa kali, wale wa msikiti ule wachunguzwe. Tangu yale ya mapango ya Amboni ya Februari 2015, maneno hayo katika mkoa huu si matani. Mtu anakhitalifiana na mwenzake juu ya maulidi au juu ya uongozi wa msikiti, anampeleka kwa tuhuma. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuhakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na katika Muwatta ya Imam Malik, Umar (r.a.) alipoletewa khabari za ushahidi wa uongo uliozuka, aliapa kwamba katika Uislamu mtu hafungwi ila kwa mashahidi waadilifu. Mpelelezi huanza na anachoambiwa, na wanaomwambia ni majirani.

Tumekubaliana na kamati ya msikiti kufungua daftari. Kila familia yenye mahabusu, awe wa jamaa hii au ya msikiti mwingine, awe Muislamu au asiwe, iandikishe jina, namba ya kesi na tarehe itakayotajwa. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wapo wanaotoa msaada huo bila malipo. Tutawafuata na daftari mkononi. Kila tarehe ya kesi tunataka wawe watu wawili wa jamaa hii mahakamani, wakae kimya, waandike kilichosemwa. Wenye nafasi asubuhi wabaki baada ya Isha watupe majina.

Wabillahi tawfiiq.