Ala za Okestra ya Mandolini



Uzi wa mandolini ukiguswa mara moja hulia kwa sauti nyembamba na tamu, kisha sauti hiyo hufa upesi. Fidla ina upinde wa kuivuta sauti. Zumari ina pumzi ya mpigaji. Mandolini haina msaada wa namna hiyo. Basi mpigaji hushika kipande kidogo cha plastiki, ambacho zamani kilikuwa cha gamba la kasa, akazipiga nyuzi zile zile chini na juu mbio mbio, hata masikio yakadanganyika kwamba ni sauti moja isiyokatika. Akifanya hivyo mtu mmoja, mtetemo husikika waziwazi. Wakifanya watu ishirini pamoja, mapigo yao hupishana, pengo la huyu likajazwa na pigo la yule, na ukumbi wote huvuma.

Ala hii ni jamaa ya udi, na katika pwani yetu si ngeni, kwani imepigwa katika taarab. Umbo lake lijulikanalo zaidi lilitokea mjini Naples, Italia, katika karne ya 18, ambako mafundi wa ukoo wa Vinaccia walisifika sana. Mgongo wake umefura kama kibuyu kilichopasuliwa, nao umeungwa kwa vipande vyembamba vya mbao. Nyuzi ni 8, lakini huhesabiwa kuwa jozi 4, na jozi hizo hutiwa sauti zile zile za fidla.

Katika okestra mandolini hugawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza huchukua wimbo. Kundi la pili hudhaniwa na wageni kuwa la wapigaji dhaifu, na dhana hiyo ni ya uonevu: hilo ndilo linaloujibu wimbo na kuuvika nguo.

Chini yao hukaa mandola, ambayo ni kubwa zaidi, na hapa pana jambo la kutatanisha. Katika Ulaya mandola nyingi hufuata sauti za mandolini, ila chini kwa sauti nane; katika Marekani mandola hufuata viola. Mpigaji akipewa karatasi iliyoandikwa kwa desturi ya Ulaya, naye ameshika ala ya Kimarekani, atazikosa sauti za chini kabisa. Kisha huja mandochelo, yenye sauti nzito kama za chelo, na gitaa za kushika mwendo.

Sauti ya chini kuliko zote iliwapa mafundi taabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Marekani, ilitengeneza mandobesi yenye nyuzi 4, kubwa hata husimamishwa sakafuni. Lakini sauti yake haikulingana na ukubwa wa mwili wake, na okestra nyingi zimeona afadhali kuazima besi kubwa ya jamii ya fidla.

Mjini Florence chama cha wapigaji kilichoanzishwa mwaka 1881 kilipewa jina la Malkia Margherita, aliyekuwa mpenzi wa ala hiyo. Huko Japani Morishige Takei alianzisha okestra yake mwaka 1915, na hata leo vyuo vikuu vingi vya nchi hiyo vina vyama vya mandolini.

Lakini adui wa okestra hizi, mahali popote, ni uzi uliolegea. Mandolini 20 zina nyuzi 160, bila kuhesabu ala nyingine. Uzi mmoja ukiachana kidogo na mwenzake wa jozi, sauti huchachuka, na joto la ukumbi uliojaa watu hutosha kuuharibu. Kwa hiyo kabla ya kuanza mpigaji mmoja hutoa sauti ya kufuatwa, na wenzake wote huinamia ala zao, wakikaza huku na kulegeza kule. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na wasikilizaji waliozoea hawaguni.