Ngonjera katika Somo la Fizikia



Mwanafunzi wa sayansi aweza kukariri kanuni ya Archimedes neno kwa neno, akapata alama zote, kisha akavuka Mto Kilombero kwa mtumbwi bila ya kutambua kuwa kanuni ile ndiyo inayombeba. Kosa hilo si la uvivu. Fizikia ya sekondari husomwa kwa Kiingereza, na mto huvukwa kwa Kiswahili.

Marehemu Mathias Mnyampala (1917–1969) alikuza chombo kiwezacho kuunganisha pande hizo mbili, nacho ni ngonjera. Humo asiyejua hubishana na ajuaye, hadi ukweli udhihirike na wote wawili waafikiane. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilitumika kueneza siasa. Yafaa sasa zifundishe sayansi.

Mwanafunzi mmoja na adai kuwa chenye uzito huzama: msumari huzama, basi mtumbwi nao hauna budi kuzama. Mwenziwe ajibu kuwa mtumbwi husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake, ndipo ukaelea. Msumari, hata ukizama wote, hausukumi maji ya kutosha.

Wapo wahofuo kuwa ushairi utaipotosha sayansi. Hofu hiyo ina msingi. Mshairi akitafuta vina huandika "nguvu" popote, ilhali fizikia hutenganisha kani na nishati. Mfano upo Kihansi, ambako maji hushuka takriban mita 850 hadi kwenye mitambo ya umeme. Uzito uyavutao maji chini ni kani. Kazi ifanywayo na kani hiyo katika mteremko wote ni nishati, yapata jouli 8,300 kwa kila kilo. Ayaitaye yote mawili "nguvu" hajaelewa, hata vina vyake vikilingana.

Kwa hiyo kila ubeti upimwe mara mbili: kwa mizani 16 za mshororo, na kwa mizani ya maabara. Ukishindwa mojawapo, urudishwe kwa mtungaji, naye aeleze kosa kabla ya kulisahihisha. Istilahi zipo, TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Ngonjera haichukui nafasi ya majaribio wala ya hesabu. Kazi yake ni kufichua mapema kuwa mwanafunzi ana maneno, lakini hana maana. Mwalimu agunduaye hilo kabla ya mtihani bado ana wakati wa kumwokoa.