Kijiti cha televisheni, mega na jua la Nyangwe

Kijiti cha televisheni ni chombo kidogo, urefu wake kama kidole, kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI nyuma ya televisheni ili kuleta picha kutoka intaneti. Kisanduku hufanya kazi ileile, ila ni kikubwa zaidi na kina matundu mengi. Vyombo hivi havinasi picha hewani kama antena, wala havipokei satelaiti kama parabole. Ndani yake hamna filamu wala mpira. Kila kinachoonekana hupita kwenye intaneti, na kila kinachopita hulipiwa mega.

Google ilipotoa Chromecast mwaka 2013 iliiuza dola 35 huko Marekani. Mwaka uliofuata Amazon ikatoa Fire TV Stick kwa dola 39. Bei hizo zilipangwa kwa watu ambao tayari wana umeme ukutani na intaneti ya kulipia mara moja kwa mwezi bila kuhesabiwa. Huku Maniema, iwe Nyangwe, Kasongo au Kabambare, hesabu inageuka: chombo ndicho rahisi, umeme na intaneti ndivyo ghali. Kwa hiyo mnunuzi mwenye pesa chache hufaidika akianza kuhesabu upande huo, kabla hajaulizia bei ya kijiti.

Laini kubwa ya umeme iliyofunguliwa mwaka 1982 kutoka Inga hadi Kolwezi ilipelekwa kwenye migodi ya Katanga, na Maniema haikupitiwa. Ndiyo maana nyumba nyingi kandokando ya Lualaba huwashwa kwa paneli ya jua na batri. Kijiti chenyewe hula umeme kidogo sana, chini ya wati 5, na hutosheka na volti 5 kama simu inayochajiwa. Mlaji mkubwa ni televisheni. Ile ya zamani ya chogo hula zaidi ya wati 60, na mara nyingi haina tundu la HDMI, ina matundu matatu ya rangi tu. Ya kisasa ya LED, inchi 32, hula kati ya wati 30 na 50. Ikiwashwa saa 3 kila jioni pamoja na kijiti na simu inayorusha intaneti, hutumia takriban wati-saa 140. Paneli ya wati 100 hutoa zaidi ya hapo siku ya jua kali. Masika, mawingu yakitanda siku mbili tatu mfululizo, haitoi.

Inafaa pia kuangalia umeme unapotea wapi. Batri ya volti 12 inapounganishwa na kigeuzi ili kulisha televisheni ya volti 220, sehemu ya umeme huishia kwenye joto la kigeuzi. Televisheni ya volti 12, inayochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye batri, huepusha hasara hiyo. Kwa nyumba yenye paneli moja, tofauti hii inaweza kufika nusu saa ya kutazama kila usiku.

Kisha mega. Netflix, iliyofunguliwa Kongo na nchi nyingine zaidi ya 100 Januari 2016, hukadiria kwamba saa moja ya picha ya kiwango cha chini kabisa hula giga 0.3, kiwango cha kati giga 0.7, na picha safi ya HD hadi giga 3. Familia inayotazama saa 2 kila usiku kwa kiwango cha kati hufikisha giga 42 kwa mwezi. Kwa kiwango cha chini ni giga 18. Kwa HD inaweza kufika 180. Bei ya giga moja hubadilika kwa kila mtandao na kwa kila ofa, lakini mtu yeyote anayenunua mega za simu anaijua kichwani. Akiizidisha kwa 18 tu, ataona kwamba katika mwezi mmoja au miwili mega zinaweza kupita bei ya kijiti chenyewe. Zaidi ya hayo, Netflix huomba kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya HD ya kawaida na 5 kwa HD kamili. Mahali ambapo mtu hupanda kilimani kutafuta mtandao, picha itakuwa inasimama kila dakika, na mega zilizokwisha kuliwa hazirudi.

Intaneti ya satelaiti ya Starlink, iliyokatazwa Kongo mwaka 2024 na kupewa leseni mwaka 2025, inaweza kufika mahali ambapo mnara wa simu haufiki. Hata hivyo, sahani yake ya kawaida hula wati 75 hadi 100, yaani sawa na televisheni mbili za inchi 32. Ile ndogo hula kati ya 25 na 40. Kwa nyumba moja ni mzigo mzito wa pesa na wa umeme. Kwa shule, parokia, msikiti au kikundi cha majirani wanaochanga pamoja, hesabu yake inaweza kukubali, na hapo ndipo kijiti huanza kuwa na maana.

Anayefika hapo asilipie asichoweza kukiona. Televisheni nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina mistari 720 au 768 ya picha, kwa hiyo kijiti cha 4K hakiongezi kitu machoni. Cha HD kamili kinatosha na kusalia. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ya giga 1 huwa nzito na ya kuchosha. Giga 2 zinatosha. Chombo chenye telekomande na programu zake ndani ni bora kuliko kinachotegemea simu kukiongoza, kwa sababu simu ikitoka na mwenyewe, watoto hubaki na kioo cheusi. Roku, inayosifiwa sana Marekani, haihudumiwi Kongo. Kilichotumika nacho kina umri wake: Chromecast ya kwanza iliacha kupata masasisho mwaka 2023, na mwaka 2024 Google ikasimamisha kutengeneza Chromecast zote.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye visanduku vya Android visivyo na jina, vile vya boksi lililojaa maandishi ya 8K na ahadi ya maelfu ya chaneli bure maisha yote. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa kompyuta waligundua kwamba baadhi yake, kikiwemo kile kiitwacho T95, vilitoka kiwandani vikiwa na programu ya wizi ndani. Mnunuzi hakubonyeza popote, hakukosea kitu. Chombo kilikuja kimeambukizwa. Juni 2025 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walitoa onyo kuhusu kundi la vyombo vya namna hiyo lililopewa jina la BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ikaenda mahakamani ikisema vimezidi milioni 10 duniani. Kisanduku kama hicho hutumia intaneti ya mwenye nyumba kwa kazi za wahalifu wakati yeye amelala. Huko Ulaya mtu huenda asihisi, kwa kuwa intaneti yake haihesabiwi. Hapa zinazoliwa ni mega zilizonunuliwa kwa jasho, na kwenye mtandao uleule huwa kuna simu yenye akaunti ya M-Pesa au Airtel Money. Hakuna punguzo la bei linalolipa hasara hiyo. Kisanduku halali hujitambulisha: kina jina la kampuni inayojulikana, kina Google TV au Android TV kamili, na duka la programu la Google hufunguka ndani yake bila mtu kuambiwa azime ulinzi.

Vitu vya umeme hufika soko la Nyangwe baada ya safari ndefu. David Livingstone alipokaa hapo mwaka 1871, nguo na shanga zilikuwa zikitoka pwani ya Bahari ya Hindi kupitia Ujiji. Leo njia kutoka Dar es Salaam hupita Kigoma, karibu na Ujiji ileile, na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie. Kila daraja na kila pikipiki huongeza bei, na dhamana ya kiwandani haisafiri na mzigo. Kwa hiyo chombo hujaribiwa mbele ya muuzaji, kikiwa kimewashwa na kuunganishwa, kabla pesa hazijatoka mkononi.

Kuna njia mbili zisizoomba mega hata moja. Parabole na dekoda ya chaneli za bure hununuliwa mara moja tu. Ile ya Canal+ au StarTimes huongeza ada ya mwezi, lakini ada hiyo hujulikana kabla, na saa 10 za kutazama hazizidi gharama ya saa 1. Anayetaka mpira na habari hapati kitu rahisi kuliko hicho.

Njia ya pili ni flashi. Televisheni nyingi za kisasa, hata za bei ya chini, zina tundu la USB na husoma filamu bila kijiti wala kisanduku. Filamu ya saa 2 kwa kiwango cha kawaida huwa na mega 700 hivi, kwa hiyo flashi ya giga 32 hubeba zaidi ya 40. Faili la MP4 lenye picha ya H.264 hukubaliwa na karibu kila televisheni, la H.265 hukataliwa na nyingi za zamani. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi giga 4. Anayefika Kindu, Bukavu au Kalemie, kwenye intaneti nzuri, anaweza kurudi na masomo ya watoto, mahubiri na filamu ambazo wenyewe wameruhusu zipakuliwe, na zikatazamwa mara 20 bila kulipiwa tena.

Kwa nyumba ya Nyangwe yenye paneli moja na simu moja, cha kununua kwanza ni televisheni ya volti 12 yenye HDMI na USB, pamoja na flashi ya giga 32. Kijiti kitaingia kwenye tundu lile lile la HDMI siku ambayo intaneti ya pamoja itafika mtaani.