Kangaga la Pembe: Mgeni Asiyetaka Udongo

Leo tunavuka bahari hadi misitu ya mvua ya mashariki mwa Madagaska. Humo, juu ya matawi ya miti, huota kangaga linalowashinda wakulima wengi wa maua. Jina lake la kitaalamu ni Platycerium madagascariense.

Kangaga hili lina majani ya aina mbili. Ya kwanza ni mapana, yenye matuta, nayo hukumbatia tawi kama ngao. Nyuma yake sisimizi hufanya makao. Ya pili yamegawanyika kama pembe za paa, nayo ndiyo hubeba spora, yaani vumbi la uzazi. Okidi iitwayo Cymbidiella pardalina nayo huota juu ya kangaga hilihili. Basi anayeling'oa moja amebomoa nyumba ya wengi.

Kwa nini ni gumu kulilea? Linataka unyevu hewani kila siku, na papo hapo linataka hewa inayotembea. Likikauka, linakufa. Maji yakituama, linaoza. Kwa hiyo halipandwi chunguni. Lifunge kwa uzi kwenye kipande cha ubao, juu ya makumbi ya nazi yaliyosuuzwa vizuri. Usifunike kitovu chake, pale majani mapya yanapochipukia. Litundike kwenye kivuli chepesi.

Wewe uliye Uganda au Kongo, usianze na gumu. Anza na ndugu yake wa Afrika, Platycerium elephantotis, mwenye majani mapana kama masikio ya tembo. Yeye ni mvumilivu zaidi.

Lakini usipande mtini kumng'oa. Tafuta jani lililokomaa, ukwangue vumbi la kahawia lililo upande wa chini. Linyunyize juu ya makumbi yaliyochemshwa na kupoa, ndani ya chupa safi yenye kifuniko, kisha uiweke penye mwanga bila jua kali. Kwanza utaona utando wa kijani. Majani hufuata baada ya miezi. Mmea mkubwa huchukua miaka.

Akija mnunuzi anayetaka makangaga ya msituni, kumbuka: mti ukivuliwa, utauza mara moja tu. Chupa yako itakupa miche tena na tena, na msitu utabaki na wenyewe.