Mchota Maji na Mwenye Kiu
Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka A



Wako wasafiri ambao huondoka Nairobi kwa makundi, ndani ya malori makubwa, wakilala mahemani njia nzima hadi Victoria Falls, wapate kuyaona maji ya Zambezi yakianguka mita 100 na zaidi. Nasi Tanzania tunayo maporomoko ya Kalambo, mkoani Rukwa, yapitayo mita 200. Ni vema kuyatazama na kumtukuza Muumba.

Lakini sisi wa Masasi na Newala twayajua maji kwa jasho. Juu ya Uwanda wa Makonde mvua huzama mchangani, ikaibuka chini kabisa kama chemchemi. Kabla ya mabomba ya miaka ya 1950, mama zetu waliteremka genge, wakapanda tena na mitungi kichwani. Hata leo, bomba likikauka, mzigo ni wa wanawake na watoto.

Katika Injili, Yesu aliyechoka kwa safari aliketi kisimani, akamwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Mwana wa Mungu alikuwa na kiu mbele ya mchota maji!

Basi, tusimamapo Shimo la Mungu, Newala, tukistaajabia bonde la Ruvuma, je, tunamwona pia mama apandaye na ndoo? Mwenye tangi asimfungie jirani lango. Akina baba na vijana wa jumuiya, tuipokee ndoo ile. Kristo angali anaomba maji. Amina.